Karani wa Nani kwa Nani

Jina lake ninalijua, na la baba yake, na la dada yake aliyeolewa Kakamega akarudi. Sitayaandika. Hapa mtaani Jericho, Nairobi, jina lake limetafunwa vya kutosha. Nitamwita vile tulivyomwita sote, Karani, ingawa ukarani wenyewe wa ghalani alikuwa ameshauacha kabla ya haya ninayoyaandika.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Mkono wangu unaenda polepole na macho ndiyo hayo. Lakini majina hayajawahi kunitoka. Nikikaa hapa mlangoni na kamba zangu za viondo, anayepita namjua, aliyemzaa namjua, na mlango aliokaa kabla ya huu alionao naujua. Sikufundishwa na mtu. Ni vile nilivyo, kama mwingine alivyo mrefu. Na inachosha. Watu wanakufa lakini majina yao kwangu hayaondoki, yamekaa tu kama wageni waliokosa gari la kurudi.

Karani alinipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa anakuja na chupa yake ya uji, penseli nyuma ya sikio, kompyuta ndogo kwapani, na viatu vinang'aa hata siku za matope. Penseli sikuwahi kuiona ikiandika. Nilimuuliza siku moja ni ya nini.

"Mama, bila hii masikio hayalingani," akasema.

Swali lake lilikuwa moja. Umwonyeshe mtu yeyote, useme, "Karani, huyu ni Wambua," yeye hasemi habari yako. Anasema, "Wambua, nani kwa nani?" Yaani wewe ni nani, na ni wa nani. Ujibu kwamba ni mtoto wa Kioko, ndipo akupe mkono. Watoto walimwigiza. Akipita wanapiga kelele kutoka kwa bomba la maji, "Karani! Nani kwa nani?" Naye hakasiriki, anasimama anawauliza mmoja mmoja, na wakimaliza kujibu anaingiza kwenye kompyuta.

Kila kitu alikiandika kwa mistari mifupi. Jina, undugu, jina. Wanza, mama wa, Kioko. Kioko, anakaa, mlango wa tisa. Alisema watu wote wa hapa ni hivyo tu, mafundo na kamba zinazoyaunga, kama kiondo changu. Nikamwambia kiondo changu kina kitako, chako kitako chake kiko wapi? Akafikiri sana. Alikuwa hawezi kuacha swali lipite, hata la mzaha.

Kuna siku alimwuliza mwanangu Mutinda kuhusu binti yake wa darasa la pili. Mtoto yule amepewa jina langu, Mbithe, na sisi Wakamba baba humwita mtoto kama huyo mama, kwa heshima na kwa mapenzi. Mutinda akajibu vile anavyosema kila siku, "Huyu ni mama yangu." Karani akaandika. Jioni akaiuliza mashine wajukuu wangu ni akina nani, nayo ikaanza kuzunguka. Mimi namzaa Mutinda, Mutinda anamzaa Mbithe, Mbithe anamzaa Mutinda. Ikazunguka mpaka ikapata joto, unasikia inavuma kama chungu cha maharagwe.

"Mutinda, umeniharibia mashine!"

"Sikudanganya, Karani. Muulize mama kama huyu mtoto si yeye."

"Ni mimi," nikasema.

Karani alicheka mpaka nikaona magego yake. Sikumbuki kuyaona tena.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa njia nyingine pia. Aliimba besi kanisani na hakujua ubeti wa pili wa wimbo hata mmoja. Funguo zake aliziacha kwangu, kwa sababu kwake zilipotea. Alijua kila mtu hapa anatembelewa na nani, lakini mlango wake yeye haukuwa na mgeni. Mke wake Nafula alikaa nyumbani magharibi, na mwaka mzima ungeisha hatujamwona. Na kitu cha kushangaza zaidi, nyumba ya msiba hakuingia. Alipanga viti nje, akachemsha chai, akaandika waliokuja, lakini mahali mama analia hakukanyaga. "Sina uso wa hiyo kazi," alisema.

Basi mtu asiyeweza kuingia matangani ndiye aliyetutengenezea kazi ya matanga.

Huku kwetu, kukiwa na msiba, mama hapigiwi simu. Mtoto akifia mbali, anaambiwa kwanza mtu wa pembeni, mjomba, au shangazi, au jirani mwenye moyo. Huyo anatafuta wengine wawili watatu, wanakuja pamoja, wanakaa, wanaomba maji ya kunywa. Mama anapowaona wameomba maji wote kwa pamoja anaanza kujua. Wanamwambia polepole, na kuna mikono ya kumshika. Hivyo ndivyo tunavyofanya, awe mtu ametoka Machakos au ametoka Siaya. Shida ni kwamba siku hizi watu wanafia kazini na barabarani, mwenye kuwapata ni mgeni, na mgeni hajui wa pembeni ni nani. Anafungua simu ya marehemu, anatafuta palipoandikwa Mama, anapiga.

Chama chetu cha wakaazi kilikaa juu ya jambo hili, na Karani akasema, niachieni. Akatengeneza kadi ndogo, kila mtu akaiweka mfukoni. Kadi ina namba. Ukituma jina la mtu kwa namba hiyo, mashine ya Karani inajibu: wa kuambiwa kwanza ni fulani, simu yake hii. Katibu wetu, Mama Kanini, alipiga makofi. Nami nilipiga. Lilikuwa jambo zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri.

Lakini lilichelewa. Ukiuliza, unangoja. Karani alinieleza kwamba mashine inasoma mistari yote, wa kwanza mpaka wa mwisho, kila unapouliza. Ni kama mtu anayemtafuta Kioko kwa kubisha milango yote ya Jericho, kila siku upya.

Na hapa ndipo dhambi yangu inapoanzia.

Kwa sababu mimi nilimcheka. Vijana, ambao huniita Susu, yaani nyanya, walikuwa wanakuja mlangoni pangu Jumapili baada ya kanisa, Karani ameweka kompyuta juu ya stuli, wanatushindanisha. Wanataja jina, mashine inaanza kutafuta, mimi nimeshajibu.

"Mtu wa Wafula wa karakana?"

"Ni shangazi yake Nekesa, mlango wa ishirini na mbili, na mguu unamuuma," nasema.

"Susu amewin tena! Karani, mashine imelala ama?"

"Iacheni," nasema. "Imeenda kubisha Makadara."

Walicheka, nami nilicheka. Karani alicheka pia, lakini niliona anakishika kile kikombe cha chupa kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole mwenye kiburi kidogo sana, kama punje moja, na mimi nilikuwa naisugua punje hiyo kila Jumapili.

Akaenda akajifungia wiki kadhaa. Aliporudi alisema ameweka faharasa. Nikamwuliza ndiyo nini. Akaniuliza, kitabu chako cha nyimbo, ukitaka wimbo na hujui namba, unaanza ukurasa wa kwanza? Nikasema hapana, naenda kurasa za nyuma, nyimbo zimepangwa kwa maneno ya kwanza. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ila mimi nimeweka tatu. Kila mstari nimeupanga mara tatu, kwa jina la mwenyewe, kwa undugu, na kwa jina la yule mwingine. Uulize kutoka upande wowote, inajua ianzie wapi."

Hiyo nilielewa, na ilikuwa kazi safi. Kubisha milango kukaisha. Lakini bado nilimshinda, kwa pumzi moja hivi. Mashine inapofungua kurasa za nyuma, mimi mdomo umeshafunguka. Na bado nilisema, "Karibu, karibu. Mwakani utanipata."

Basi akaweka kitu kingine. Alikiita akiba, mimi nilikiita mfuko. Swali likishaulizwa mara moja, mashine inaweka jibu mfukoni. Ukiuliza tena, haiendi kitabuni kabisa. Inatoa mfukoni, inakupa.

"Karani," nikamwambia, "unamkumbuka mzee wa kwaya, Mzee Kilonzo?"

"Marehemu. Baba ya Ndunge."

"Huyo. Alikuwa na namba za nyimbo zote kichwani. Walipoleta kitabu kipya namba zikabadilika, yeye akaendelea na za zamani. Siku ya harusi ya Ndunge mwenyewe akatuimbisha wimbo wa mazishi."

"Nitaweka ya kuuambia mfuko ujimwage jambo likibadilika," akasema. "Hiyo si kazi kubwa. Nitaiweka."

Alisema hivyo akiwa anafunga kompyuta. Nilimwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa kusahau. Na kesho yake kulikuwa na mkutano wa chama.

Ukumbi ulijaa. Mama Kanini akasema kabla ya ajenda tuone hii mashine. Karani akaniomba mimi nitaje jina, ili mtu asiseme amepanga. Aliyekaa mbele yangu alikuwa Okoth, kijana wa Mama Okoth wa mlango wa nane, tunatazamana milango. Nikasema, "Mtu wa Okoth ni nani?" Mashine ikachelewa kidogo, nami nikasema ni mama yake mdogo, Achieng. Watu wakacheka. Karani akasema, "Uliza tena, Mama." Nikauliza tena. Sijamaliza kuvuta pumzi, jina la Achieng liko ukutani pale mashine ilipokuwa inamulika, na namba yake.

Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Okoth mwenyewe alisimama akainama kama bwana harusi. Nikamshika Karani mkono nikamwambia, "Umenishinda." Sijawahi kumwona mtu amesimama wima vile.

Jibu hilo likabaki mfukoni.

Mama Okoth na mdogo wake Achieng walikuwa wanauza akala pamoja, zile ndala za matairi, wanazichukua soko la Kariokor wanazileta soko la hapa. Miezi michache baada ya mkutano Achieng alienda nyumbani kumtunza mama mkwe wake. Simu yake akamwachia dada yake, kwa sababu wateja wa ndala walikuwa na namba hiyo. Jumamosi Karani alipokuja na uji wake nilimwambia yote. Achieng ameenda. Simu iko kwa Mama Okoth. Wa kuambiwa sasa ni mjomba, Onyango wa Makadara. Aliandika mbele yangu, akanisomea, nikasema sawa.

Hakuna aliyesahau. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Mimi sikusahau, Karani hakusahau. Kitabu kilikuwa sawa. Lakini ile ya kuumwaga mfuko, aliyosema ataiweka, hakuwa ameiweka.

Okoth alianguka kiwandani alikofanya kazi, asubuhi. Walimkimbiza hospitali, hawakufika naye. Mwenzake anayeitwa Kimeu alipata kadi mfukoni mwake, akatuma jina, na mashine ikamjibu hapo hapo. Kimeu alisema baadaye kwamba alishukuru Mungu kwa vile ilivyokuwa haraka.

Mama Okoth alikuwa Kariokor, amesimama anachagua ndala. Simu ya Achieng ikalia mkobani. Akafikiri ni mteja.

"Wewe ni Achieng? Mama mdogo wa Okoth?"

Akasema, "Hii ni simu yake," na kabla hajaongeza, kijana wa watu, ameshikwa na hofu, akamwaga yote. Okoth ametutoka. Tafadhali tafuta watu wazima, muende kwa mama yake polepole, msimwambie akiwa peke yake.

Na Mama Okoth akajibu, "Sawa. Nitamwambia."

Alilipia ndala zake. Akazibeba, akatembea kwa miguu kutoka Kariokor mpaka Jericho. Nilimwona akija, nikamsalimu, hakuitika. Akaingia kwake akafunga. Nilikuwa nasuka. Nilisuka mistari mingine miwili mizima kabla mjomba Onyango hajafika mbio, akiwa ameambiwa na watu wa kiwandani, akiuliza kama dada yake ameshajua.

Karani alikuja kwangu ameshika kompyuta wazi, kama mtu amebeba sahani ya moto. "Mama, niliandika. Angalia. Onyango, ameandikwa hapa."

"Najua uliandika."

"Niliandika!"

"Keti chini, Karani."

Hakuketi. Siku zote za matanga hakupanga viti. Watu walisema maneno yao. Wengine walisema ameua mama kwa mashine, na waliosema hivyo ni wale wale waliopiga makofi ukumbini. Mimi hawakunisema. Hakuna aliyekumbuka ni nani alikuwa anamcheka Karani kwa kuchelewa. Nakumbuka mwenyewe.

Baada ya mazishi Mama Okoth alienda chumba cha chama. Mama Kanini alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Alisimama mbele ya Karani akasema, "Toa jina langu. Toa la mtoto wangu. Toa hata la mume wangu aliyekufa zamani."

Karani akaanza kutoa. Na kwa vile kila mstari alikuwa ameupanga mara tatu, ilibidi kila mmoja autoe mara tatu. Okoth, mtoto wa. Mara tatu. Okoth, anakaa. Mara tatu. Mama Okoth alisimama pale anatazama mpaka wa mwisho.

"Pole, Mama," Karani akasema.

"Wewe ulinifanya nijiambie mwenyewe," akasema, akatoka.

Kuanzia hapo, miaka miwili, Karani hakupita mbele ya milango yetu. Alizunguka nyuma, kwenye mfereji, na viatu vyake vile. Watoto wakimwuliza nani kwa nani, anaendelea kutembea. Kwangu alikuja mara moja moja, akihakikisha kwanza mlango wa nane umefungwa. Hakuuliza majina tena. Alikunywa uji, akatazama mikono yangu ikisuka, akaenda. Mama Okoth naye alikuja kwangu siku zake, hakumtaja. Nilikuwa katikati yao kama ukuta wa choo, kila mmoja yuko upande wake na wote wawili wananiegemea.

Mwaka huu, mvua ndefu zilipoisha, alikuja saa kumi jioni. Viatu vilikuwa na vumbi. Alisema anaenda nyumbani kwa Nafula, safari hii ya kukaa. Mama Kanini amemwomba aache mashine kwa chama, ameitengeneza upya, anataka mimi niipime kwanza.

"Faharasa nimeiacha," akasema. "Mfuko nimeutoa wote. Sasa kila swali inaenda mpaka kitabuni, na kabla ya kujibu inaangalia tena kama kuna kilichobadilika. Itachelewa, Mama. Kompyuta yenyewe imezeeka."

"Hata mimi."

Alikuwa ameiweka juu ya stuli, ile ile, Mama Okoth alipoingia na chungio langu la unga. Karani akasimama kwa haraka mpaka chupa ikaanguka. Mama Okoth alimtazama, akanitazama.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anaaga. Anaenda kwao."

Akaniwekea chungio mezani. Nilifikiri anatoka. Akakaa kwenye kitanda, mbali naye kadiri nyumba hizi zinavyoruhusu.

"Jana kwa mkutano walisoma milango, ile orodha ya mashine," akasema. Alikuwa ananiambia mimi. "Wakafika wa nane, wakasema hakuna mtu. Niko pale nimekaa, kijana anasoma, mlango wa nane hauna mtu, akaenda wa tisa."

Uji ulikuwa unaenda polepole chini ya meza.

"Niandike," akasema.

Karani akakaa. Vidole vyake vilikaa juu ya vile vitufe, haviandiki. Mama Okoth akangoja, halafu akasema kwa ukali, "Si huwa unauliza?"

"Nani kwa nani?" Karani akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Okoth kwa mimi."

"Niandike alikuwa mtoto wako, Mama, ama ni?"

"Ni."

Akaandika. Akaandika mlango. Akamwandika na mume. Halafu akaacha, kwa sababu kulibaki mstari mmoja, na sote watatu tulijua ni upi. Okoth hayupo, Achieng yuko mbali, Onyango tulimzika mwaka jana.

"Na wewe, Mama," Karani akasema, "wa kuambiwa kwanza ni nani?"

Mama Okoth akanyoosha mkono, hakunitazama. "Huyu."

Karani akanigeukia. "Unakubali?"

Nilifikiria majina yote niliyo nayo. Nilifikiria magoti yangu, na kuvuka ile njia kwenda mlango wa nane, kuketi, kuomba maji.

"Nimechoka, Karani," nikasema. "Lakini niandike."

Akaniandika. Mama Okoth akasogea kidogo kwenye kitanda, ili aone. "Sasa niulizie," akasema. "Mtu wangu ni nani."

Karani akauliza. Mashine ikaanza kutafuta, inavuma, duara dogo linazunguka kwenye kioo. Tukangoja. Nje watoto walikuwa kwenye bomba. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, limeiva. Nikafunga mdomo, nikaiacha itafute.